Miezi minane naandika na hakuna anayenijibu, mpaka siku nilipomlisha mgeni mchanga

NyakwarDunga (Kisumu)

Wakuu, salamu kutoka kando ya ziwa. Uzi ni mrefu kidogo, asiye na haraka akae.

Mwaka juzi nilifungua ukurasa wa mambo ya chakula cha huku: samaki, mboga za kienyeji, bei za soko la Kibuye siku ya Jumapili, wapi utapata mbuta wa leo na wapi utauziwa wa juzi. Nilijiamini. Shuleni insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa, basi nikajua wasomaji watakuja wenyewe. Kila Jumanne na Ijumaa naketi, naandika maneno 800, nasahihisha, naposti. "Umuhimu wa Samaki katika Lishe ya Familia." "Mboga Zetu za Asili: Jana, Leo na Kesho." Mwisho wa kila andiko naweka ule mstari tunaouweka sote: "Je, una maoni gani? Tuandikie hapo chini."

Hapo chini palikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Kwa miezi minane walionijibu ni wawili: binamu yangu wa Nakuru, ambaye huweka dole gumba hata kwenye matangazo ya mazishi, na jamaa mmoja anayetangaza dawa ya kumrudisha mpenzi aliyekuacha.

Basi Jumapili moja nikatoka Kibuye na gorogoro, lile kopo la kupimia, ya omena, wale dagaa wa ziwani. Nina mgeni, mtu wa Voi, nataka aonje chakula cha kwetu. Nikaosha, nikakaanga na kitunguu na nyanya, nikasonga ugali. Tukaanza kula. Mgeni akatafuna mara moja, akatulia. Akatafuna tena polepole, kama mtu anayesikilizia maneno ya jirani ukutani. Nami nikatia tonge mdomoni: kra! Mchanga. Mgeni yule ni mstaarabu, alimeza, akasifu chakula, kisha akala ugali mtupu hadi mwisho.

Usiku sikuwa na nguvu za makala. Nikiwa kitandani nikaandika kwa simu haya tu:

"Leo nimemlisha mgeni mchanga. Omena ya Kibuye, nimeiosha mara tatu kwa maji baridi, na aliyeniuzia aliniapia mara tatu zinatosha. Wewe huosha mara ngapi? Maji moto au baridi?"

Nikalala. Asubuhi nakuta watu zaidi ya mia wanabishana. Mmoja wa Homa Bay anasema maji moto, mara mbili, kwisha. Wa Mbita anamjibu kwamba maji moto yanatoa utamu wote, afadhali ule karatasi. Mama mmoja wa Ahero anasema kosa si la maji kabisa, kosa ni pale zilipoanikwa: zilizoanikwa juu ya wavu hazina taabu, lakini zilizomwagwa chini ufuoni hata uzioshe na ziwa zima utatafuna mchanga. Mwingine akaniuliza nilinunua mwezi gani, maana uvuvi wa omena ukifungwa, Aprili hadi Julai, nyingi zinazozunguka sokoni ni akiba. Na wa Vihiga akasema yeye hung'oa vichwa moja moja kabla ya kuosha, gorogoro nzima. Tukamuuliza kama ana kazi nyingine.

Tangu siku hiyo najiuliza kilichotokea, kwa sababu swali nilikuwa nikiuliza kila wiki. Naona hivi. Kwenye makala zangu nilikuwa najua kila kitu, na mtu anayejua kila kitu utamwambia nini? Unatikisa kichwa, unapita. Siku ya mchanga nilikuwa nimeaibika, na aliyeaibika jikoni hakosi washauri. Halafu swali lenyewe. "Una maoni gani" ni swali la mtihani, linataka insha, na msomaji wangu yuko ndani ya matatu anatoka Kondele, mkono mmoja umeshika nauli. "Mara ngapi, moto au baridi" atalijibu kwa kidole kimoja kabla makanga hajamfikia.

Nikajaribu kuirudia, nikaharibu. Wiki iliyofuata: "Ugali au wali? Andika 1 kwa ugali, 2 kwa wali, na umtaje rafiki yako." Wakaja wengi na namba tupu, 1, 1, 2, 1, na hakuna hata mmoja aliyesoma andiko lililofuata. Baadaye nikajua kwamba Facebook wenyewe walitangaza Desemba 2017 kuwa maandiko ya kuombaomba namna hiyo, piga kura, mtaje rafiki, sambaza upate, watayashusha yasionekane sana. Kwa hivyo alama ya kuuliza peke yake sio dawa.

Sasa nauliza. Taja andiko moja tu ulilojibu wiki hii, na kilichokufanya ujibu.

KondeleJuu

Omera, unajisumbua bure. Weka kredo ya shilingi 20 kwa wa kwanza kujibu, utaona watu wanavyokanyagana.

NyakwarDunga

Nilishafanya. Wakaja watu kama 60, wote wameandika "nimefika". Mmoja akarudi kesho yake kuuliza ya leo iko wapi.

KondeleJuu

Huyo nilikuwa mimi.

MwalimuMstaafu (Butere)

Kijana, haya unayoyagundua yalikuwepo kabla ya simu, ni nyinyi mliyaacha nyumbani mlipokuja mjini.

Mimi nikisema "Kitendawili!" na watoto wasiseme "Tega!", sitegi. Nikisema "Paukwa!" na nisisikie "Pakawa!", hadithi haianzi hata kama ninayo yote kichwani. Msimulizi anaomba ruhusa kwanza. Nyinyi wa mitandaoni mnaanza kusimulia kabla hamjaitikiwa, mnamaliza peke yenu, kisha mwishoni ndipo mnauliza kama kuna mtu. Watu walishalala.

Tena tazama kitendawili kinavyokwenda. Natega, mnajaribu, mnakosea, tunacheka. Mkishindwa sitoi jibu bure. Nasema "Nipeni mji." Mnanipa: "Nenda Mombasa." Naenda Mombasa, nakula, nanywa, nasimulia niliyoyaona huko, nawachelewesha makusudi, kisha ndipo jibu linatoka. Aliyeshindwa amelipa kitu, na kwa kulipa amekuwa na haki ya kusikiliza. Hesabu mambo uliyowaachia wasomaji wako wafanye katika ile "Umuhimu wa Samaki katika Lishe ya Familia". Hakuna. Wewe umetega, wewe umetegua, wewe umejipigia makofi.

(Kichwa hicho, kwa heshima zote, nimekisahihisha mara elfu katika daftari za darasa la saba.)

Kujibu swali lako: wiki hii nilijibu andiko la mtu aliyeandika "madawa" akimaanisha dawa nyingi. Sikuweza kujizuia. Nadhani alifanya makusudi.

FundiMilimani (Nakuru)

Mwalimu amenikumbusha jambo. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na kuna mtu anaitwa Jakob Nielsen aliyechunguza mapema sana jinsi watu wanavyosoma kwenye skrini. Matokeo aliyotoa mwaka 1997: asilimia 79 ya aliowapima walikuwa wakipitisha macho tu kila walipofungua ukurasa mpya, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Sasa wewe ulikuwa unaweka swali lako chini kabisa, baada ya maneno 800. Walio wengi hawakulifikia. La mchanga lilionekana lote bila mtu kubonyeza popote pa kufungua andiko zima.

Ila kuna lingine la kukupoza moyo. Mwaka 2006 huyohuyo Nielsen aliandika kuhusu kanuni ya kukadiria kwamba penye watu 100 mtandaoni, 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara mojamoja, na 1 ndiye anayeandika sehemu kubwa. Kwa hivyo miezi yako minane pengine hukuwa peke yako. Ulikuwa na watu waliokaa gizani.

Kingine cha haraka: punguza picha nzito. Mtu anayehesabu bando lake hasubiri sahani yako ifunguke.

MzeeWaSalamu (Kakamega)

Hodi humu. Vijana mmeniamsha.

Nyinyi hamkujua kadi za salamu za redioni. Ilikuwa tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijawa KBC mwaka 1989, ikaendelea hata baadaye. Unanunua kadi dukani, unaandika jina lako, si lile la kipande, lile ulilojipa mwenyewe la redioni, unaandika unaowasalimu, unaitia posta. Halafu unangoja. Wiki inapita, ya pili inapita. Kila jioni uko karibu na redio, betri umezianika juani zipate nguvu. Siku mtangazaji anasoma jina lako ni sekunde mbili, lakini kesho yake sokoni Khayega watu wanakuita kwa jina lile. Mpaka leo kuna watu huku nawajua kwa jina la salamu na la kwao silijui.

Hakuna aliyetubembeleza. Hakuna aliyesema "una maoni gani". Tulitumia pesa zetu za stempu kwa sababu tulijua jina litasomwa.

Sasa wewe, yule mama wa Ahero aliyekuambia habari ya kuanika juu ya wavu, ulimtaja tena baadaye? Uliandika "mama wa Ahero alinifundisha hivi, nimejaribu, imekuwa hivi"? Kama hukumtaja, basi kadi yake iko kwenye gunia bado.

Na mkumbuke mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Kipindi chake, tangu 1966, kichwa chenyewe ni swali: Je, Huu ni Ungwana? Adabu za kila siku, za nyumbani, za njiani, na nani asiye na la kusema kuhusu adabu za jirani yake? Nyumba nzima ilikuwa inamjibu, na redio haisikii.

NyakwarDunga

Mzee, hilo la mama wa Ahero limenichoma, kwa sababu nilifanya baya kuliko kutomtaja. Wiki mbili baadaye niliweka bei za ngege (tilapia). Akaja, akasema bei hiyo si ya soko analouzia yeye. Nami kwa kiburi nikamjibu, mbele ya watu wote, kwamba mimi nimefika sokoni kwa miguu yangu, yeye amefika lini? Mwanamke anauza samaki. Yuko sokoni kila siku ya Mungu. Hakujibu. Hajaandika tena kwangu tangu siku hiyo, na waliokuwa wakija nyuma yake, maana walikuwa wakijuana, nao wamenyamaza.

Sikufuta. Nimeliacha lile jibu pale nilione.

NgombeTatuNjoro

Mimi ni mama wa ng'ombe watatu, si mwandishi, lakini nasimamia kikundi cha WhatsApp cha wafugaji wa maziwa huku, na nina neno kuhusu ukubwa.

Zamani kikundi kilikuwa mwisho watu 256. Sisi tulijaa, wengine wakawa wanangoja mtu atoke kama foleni ya hospitali. Mwaka 2022 wakaongeza hadi 512, na kabla mwaka haujaisha ikawa 1024. Tukafurahi, tukaingiza kila mwenye ndama. Mazungumzo yakafa. Mtu aliyekuwa anauliza "jamani, wa kwangu hali tangu jana" hakuuliza tena, kwa sababu sasa kuna watu 700 na baba mkwe wake yumo. Ikabidi tuwagawe kufuata njia za gari la maziwa: wa kuelekea Mau Narok kivyao, wa kuelekea Molo kivyao, na wa njia nyingine kadhalika. Watu 90, watu 110. Maneno yakarudi wiki hiyohiyo.

La pili, sauti. Nina akina nyanya ambao kuandika kwao ni kazi ya nusu saa. Nikiuliza swali kwa sauti yangu, kwa lugha ya kawaida, jogoo akiwika nyuma, wananijibu kwa sauti zao, na wao ndio wanaojua. Nikiuliza kwa maandishi wanajibu vijana ambao hawajawahi kukamua.

Lakini Nyakwar, nikukosoe kidogo. Wewe unafurahia ubishi wa omena kwa sababu mwisho wake ni mchanga mdomoni. Kwetu mtu aliweka picha ya kiwele kimevimba, akauliza "hii ni nini?" Jambo zuri, swali fupi, picha inaonekana. Majibu 50 kwa saa moja. Mmoja akasema kanda na maji moto, mwingine akataja mafuta fulani, mwingine akamwambia adunge dawa ya antibiotiki na aendelee kupeleka maziwa kama kawaida. Kupeleka maziwa kama kawaida! Chupa ya dawa imeandikwa siku ambazo maziwa hayafai kunywewa wala kuuzwa. Yule ndugu alifuata lile la kwanza kwa siku nne, na chuchu moja ikafa, haitoi kitu hadi leo. Sasa sheria yetu ni kwamba swali la ugonjwa linafungwa mpaka daktari wa mifugo aseme kwanza, ndipo wengine waongeze. Kunakuwa kimya kwa saa mbili tatu. Wacha kuwe kimya.

Nilijibu wiki hii: dada mmoja aliuliza kama kuna mwingine ambaye ng'ombe wake anakataa kukamuliwa na mtu aliyevaa koti jekundu. Wangu pia.

KondeleJuu

Ng'ombe wa Njoro ni shabiki wa Chelsea, hapo hakuna siri.

BintiBahati (Nakuru)

Naongezea pale mama Njoro alipofika.

Nasimamia kikundi cha mtaa wetu. Nikitaka majibu 400 najua jinsi ya kuyapata kabla chai haijapoa. Naandika "Nani alaumiwe kwa maji kukosekana?" na naweka simu chini. Saa ya kwanza ni mabomba. Saa ya pili ni wanasiasa. Saa ya tatu mtu ameandika "watu wenu", na hapo sisi wa Nakuru tunajua njia hiyo inafika wapi, tuliipita mwanzoni mwa 2008, kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, na wengine humu hawajarudi makwao hadi leo. Hasira ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuwafanya watu waandike. Sitaki kusifiwa kwa wingi wa majibu ya namna hiyo.

Siku hizi nauliza jambo lilelile hivi: "Nyumba yako maji yalikuja mara ya mwisho siku gani, saa ngapi?" Majibu ni machache, labda 40, lakini nikiyapanga napata ratiba ya mtaa mzima, na tulipokwenda ofisini tulikwenda nayo imechapishwa. Walioijibu ndio walioongozana nami.

Na mjue kuna sheria. Ile ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ya 2018 ilipopitishwa ilisema ukichapisha uongo unaujua ni uongo, ukazua taharuki au vurugu, ni faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Nimeubandika mstari huo juu ya kikundi. Wakati wa kampeni naufanya uwe wa kwanza kuonekana.

MwalimuMstaafu (Butere)

Binti, hapo kwenye "siku gani, saa ngapi" nakupa alama zote.

NyakwarDunga

Nimewasoma nyote mara mbili. Kuna moja nabishana nalo bado. Fundi anasema swali liwe juu, Mwalimu anasema niitikiwe kwanza, lakini nikianza na swali kila mara nitakuwa kama karani wa sensa. La mchanga halikuanza na swali, lilianza na aibu yangu. Nadhani mtu aliitika pale kwenye "nimemlisha mgeni mchanga", moyoni, kabla hajafika kwenye kuulizwa. Yule aliyesema "pole" kimyakimya alikuwa ameshasema "pakawa".

Na kuhusu saa ya kwanza: nimegundua nikiposti usiku nikalala, wa kwanza kujibu akiwa mzaha, wote wanaofuata wanafanya mzaha. Akiwa amesimulia kitu cha kwao, wanaofuata nao wanasimulia cha kwao. Siku hizi siposti kama siwezi kukaa hapo nusu saa na kumuuliza wa kwanza swali la pili.

Kesho naandika tena habari ya omena. Nitaanza na mama wa Ahero, na nitaanza kwa kumwomba radhi. Kama hatajibu ni haki yake.

NasomaTu (Yala)

Habari zenu. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika mahali popote.

Nyakwar, mimi nimekusoma tangu ile ya mboga. Zote. Ile ya "Jana, Leo na Kesho" nilimsomea mama kwa sauti, akasema huyu kijana hajawahi kuchuma apoth (mrenda), eti anasema inachumwa asubuhi na umande. Nilitaka kukuandikia, nikaogopa. Uliandika kama mwalimu wa zamu.

Kuhusu mchanga, mama haanzi na maji hata kidogo. Anasema ukitia maji mapema mchanga unashika. Yeye hupepeta kwanza kwenye ungo, upepo ukiwepo, ndipo anaosha mara moja tu, maji ya vuguvugu.

NyakwarDunga

Karibu sana, na pole kwa uoga niliokutia. Mwambie mama amenikamata, sijawahi kuchuma apoth.

Anapepeta kabla ya kutoa vichwa au baada?

NasomaTu (Yala)

Hapo sijui. Subiri nimpigie.